Nyumba ya chini kuipandisha ghorofa: kuta za zamani zinaweza kubeba?

Swali

Mhandisi, habari za kazi. Tunaishi kwenye nyumba ya chini aliyoijenga baba mkwe zaidi ya miaka 40 iliyopita. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko upande wa nyuma na bafu moja mwisho wa korido. Kwa nje ni mita 11 kwa 9 hivi. Dari limeshuka, korido ina giza mchana kutwa, na kuta zina nyufa hapa na pale. Sasa tuko sita, pamoja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tunataka kuipandisha ghorofa moja juu, iwe ya kisasa, yenye sebule kubwa isiyokatwa na kuta na paa bapa. Fundi aliyekuja kuiona aligonga ukuta, akapiga kisigino sakafuni, akasema misingi ya zamani ni imara: tung'oe paa, tumwage slabu juu ya kuta hizi hizi, na tunaweza kuendelea kuishi chini kazi ikiendelea. Je, ni kweli? Au tubomoe tuanze upya?

Jibu

Dada, msingi haupimwi kwa kisigino. Huenda fundi wako amesema kweli bila kujua, na huenda anawapeleka pabaya. Kwa kugonga ukuta hakuna mtu, hata aliyezeekea kazini, anayeweza kutofautisha hayo mawili. Ushauri wangu utakuja mbele kidogo, nao si kubomoa wala si kumwaga slabu juu ya kuta zilizopo. Kwanza tazama uzito, maana bila huo ushauri wangu utaonekana kama woga wa mtu wa ofisini.

Ukuta wa nyumba ya chini ulijengwa ubebe paa, basi. Mabati, kenchi za mbao na dari kwa pamoja huwa kama kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Nyumba yenu ina mita za mraba 99, kwa hiyo kuta zenu zimebeba tani tano hivi miaka yote hii. Sasa weka slabu ya unene wa sentimita 15. Hiyo ni karibu mita 15 za ujazo za zege, na kila mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 2.4 au zaidi kidogo. Tayari ni tani 36, na juu yake bado hakuna hata kitanda. Sakafu ya kusawazishia na vigae: tani kumi nyingine. Kuta za juu, zikijengwa kwa tofali za sentimita 15 na kupigwa lipu pande zote mbili: tani 45 hadi 50. Watu, makabati na vitanda wahandisi huvihesabu kwa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ya nyumba ya kuishi. Kisha paa linarudi juu ya yote hayo. Mtakuwa mmeiongezea nyumba zaidi ya tani mia moja.

Jumla hiyo inatisha lakini haitoi jibu, kwa sababu msingi hauvunjwi na jumla. Unavunjwa na mahali pamoja palipoelemewa. Kwa hiyo chukua ukuta mmoja wa ndani, ule unaotenganisha vyumba viwili vyenye upana wa mita nne kila kimoja. Leo, kila mita moja ya urefu wa ukuta huo inateremsha tani moja na ushee kwenye msingi: uzito wake wenyewe na kipande cha paa. Ukimwaga slabu juu yake, mita hiyo hiyo inapokea mita mbili za slabu kutoka kila upande, sakafu yake, watu wake na ukuta wa ghorofani. Inafika tani nne na nusu. Kama kitako cha msingi, yaani sehemu pana ya chini kabisa inayokaa juu ya udongo, kina upana wa sentimita 45, udongo ulio chini unabanwa kwa tani kumi kwa kila mita ya mraba, kabla hujahesabu uzito wa msingi wenyewe. Changarawe iliyoshikana hubeba mzigo huo bila kelele. Mfinyanzi mkavu na mgumu pia. Mfinyanzi laini hushindwa kabla ya kufika tani nane. Na kama kitako hakipo kabisa?

Hilo si swali la kutunga. Katika nyumba nyingi za chini za zamani, kuta za nje zimejengwa juu ya msingi halali, lakini kuta za ndani zimeketi tu juu ya jamvi la sakafu. Jamvi lenyewe ni zege la sentimita kumi lililomwagwa juu ya mawe au kifusi, bila nondo. Kwa kubeba ukuta mwepesi na dari, linatosha. Kwa kubeba slabu halitoshi, na litakapozama halitazama sawasawa: litashuka katikati ya nyumba huku kuta za nje zikibaki pale pale, na slabu mpya itapasuka juu ya korido mwaka wa kwanza au wa pili.

Kwa hiyo mashimo kwanza, ramani baadaye. Chimbeni manne angalau. Moja kwenye kona ya nje, moja katikati ya ukuta mrefu kuliko yote, moja kando ya ukuta wa korido kwa ndani (ndiyo, mtavunja kipande cha sakafu), na moja karibu na bafu, ambako maji huenda yamekuwa yakivuja chini ya ardhi kwa miaka bila mtu kujua. Shimo moja linatosha kuwa na upana wa mita moja. Shukeni kando ya msingi mpaka muone unapoishia, kisha shukeni kama nusu mita zaidi, pembeni kidogo, kuona udongo wa chini. Msichimbe chini ya msingi wenyewe hata kidogo. Pimeni mambo manne: msingi unaanzia kina gani, kitako kimetokeza sentimita ngapi nje ya ukuta, kina unene gani, na kimejengwa kwa nini: zege, mawe au tofali tupu. Pigeni picha futi ya kupimia ikiwa ndani ya shimo, kisha fukieni na kushindilia kabla mvua haijaingia. Ni kazi ya vijana wawili kwa siku chache, na hakuna fedha mtakayotumia katika mradi huu wote itakayowaokoa kuliko hiyo.

Kuna shimo moja nililoshushwa nilitazame ambalo bado nawasimulia mafundi vijana. Kwa nje nyumba ilikuwa imenyooka, lipu safi, hakuna ufa. Chini, ukuta uliingia ardhini tofali tatu, halafu ukakoma. Hapakuwa na kitako wala zege, tofali la mwisho limelala juu ya mchanga mwekundu ulioshikana. Nyumba ile ilisimama vizuri miongo kadhaa kwa sababu ilikuwa nyepesi na mchanga ule ulikuwa mzuri. Mwenyewe alikuwa ameshanunua nondo za slabu.

Mkiwa chini ya shimo, tazameni udongo kwa makini. Udongo mweusi unaopasuka vipande wakati wa kiangazi na kunata na kuvimba wakati wa mvua ni wa kuogopwa hata kwa nyumba ya chini, achilia mbali ghorofa: unanyanyua na kushusha msingi kila msimu. Kifusi, yaani vipande vya tofali, chupa, majani yaliyooza, maana yake ardhi ilijazwa, na uwezo wake hauwezi kukisiwa kwa macho. Hapo mhandisi ataagiza udongo upimwe maabara. Mkikuta maji yanajikusanya shimoni, mwambieni pia, maana yanabadili hesabu.

Nyufa ulizozitaja zinasema kitu, ila si zote zinasema jambo moja. Nyufa nyembamba kama uzi zilizotapakaa kwenye lipu ni za lipu tu. Ufa unaoshuka kwa ngazi-ngazi kufuata viungo vya tofali, hasa unaoanzia kwenye kona ya dirisha, ni wa msingi uliosogea. Ukiwa mpana juu kuliko chini, ujue upande mmoja wa ukuta unainama au unazama. Ufa wenye zaidi ya milimita tano usifunikwe kwa rangi kabla mhandisi hajauona. Kujua kama ufa bado unatembea ni rahisi: paka bonge dogo la jasi kukatisha ufa, andika tarehe juu yake, uache. Likipasuka, nyumba bado inasogea. Ila mpe ufa muda upite kiangazi na mvua, maana kuna nyufa zinazotulia miezi sita na kuamka miezi sita.

Jambo la mwisho la ukaguzi ni tofali zenyewe. Ng'oa lipu mahali pawili patatu, ukwaruze tofali kwa msumari. Likiacha mstari hafifu, sawa. Likimomonyoka na msumari ukazama, hilo ni tofali la saruji haba, na hakuna slabu itakayolala juu yake kwa usalama. Angalieni pia juu ya milango na madirisha kama kuna linta ya zege inayozunguka nyumba nzima au vipande vifupi tu. Nyumba yenye mkanda mzima wa zege ina nafasi kubwa zaidi ya kubaki.

Baada ya hapo mna njia nne, na fundi wenu amewaonyesha moja tu.

Ya kwanza ndiyo hiyo ya kwake, slabu juu ya kuta. Inawezekana pale ambapo mashimo yameonyesha kitako kipana, udongo mgumu, kuta za ndani zenye msingi wake na tofali nzuri. Yote manne, si matatu. Ya pili ni kuweka sakafu ya ghorofa nyepesi, ya mbao au ya fremu ya chuma. Sakafu ya mbao pamoja na mbao zake za kubebea ina uzito wa kilo 50 hivi kwa mita ya mraba, wakati slabu ina 360, na kuta za juu nazo zikiwa za fremu na bodi, ongezeko lote linakuwa sehemu ndogo ya zile tani mia. Ni njia nzuri sana mahali penye mafundi walioizoea. Ubaya wake: sauti za miguu hupita, mchwa hauna huruma, na bafu la juu linahitaji kuzuiwa maji kwa uangalifu mkubwa. Ya nne, niiruke ya tatu kidogo, ni kubomoa. Kigezo changu hapo ni kuchukua ramani mpya na kuhesabu kuta za zamani zitakazobaki zimesimama. Zikiwa chini ya nusu, bomoeni kwa amani. Kazi ya kuungaunga mpya na kuukuu hula muda na fedha kuliko kujenga, na bado mwishoni mna nyaya, mabomba na dari za kimo cha zamani.

Ya tatu ndiyo ninayowashauri, kwa maelezo uliyonipa: ghorofa isimame kwa miguu yake. Yaani nguzo mpya za zege, kila moja na kitako chake, zinapita kwenye kona na kando ya kuta za zamani, zinabeba boriti na slabu bila kuziegemea kuta hata kidogo. Kuta za chini zinabaki kuwa pazia la kugawa vyumba. Kati ya boriti mpya na kichwa cha ukuta wa zamani inaachwa nafasi ya sentimita mbili hivi, inajazwa kitu laini, ili boriti ikipinda kidogo isiukalie ukuta. Mafundi wengi huipuuza nafasi hiyo, wanaijaza chokaa na saruji kwa sababu inawaonekania kama uzembe, na hapo mzigo unarudi kule kule mlikoukimbia. Simamieni hiyo sentimita mbili kama mnavyosimamia nondo.

Tena msipandishe nyumba nzima. Pandisheni upande wa vyumba vya kulala tu, kama mita za mraba 60, na sebule ibaki na paa lake. Familia ya watu sita haihitaji mita 198 za mraba, inahitaji vyumba viwili vitatu zaidi, bafu la pili na mwanga. Kwenye mita 60 juu mnapata vyumba vitatu vya kulala vya wastani, bafu moja au mawili madogo na mahali pa kutokea ngazi. Vitako vya nguzo vinapungua, mnaepuka slabu juu ya sebule, na ile sebule kubwa mnayoitaka inakuwa rahisi, kwa sababu hapo juu pana paa jepesi peke yake.

Nieleze hili la sebule, maana ndiko picha za simuni zinakowapoteza watu. Ukiondoa ukuta ulio chini ya slabu, mzigo wake hauondoki nao. Unahitaji boriti, na boriti ya zege ya kuvuka mita sita huwa na kina cha nusu mita hivi. Kama dari lenu liko mita 2.6, chini ya boriti mtabaki na mita 2.1 na kitu, na mtu mrefu ataikwepa kwa kuinama hata kama haimgusi. Nguzo moja katikati, ikiwekwa mahali pa akili, kwa mfano panapoanzia jiko, inapunguza boriti hiyo karibu nusu. Watu huikataa nguzo kwenye karatasi. Wakishaishi nayo wanaitundikia picha. Na kwenye sehemu ya sebule isiyo na ghorofa, ondoeni dari lililoshuka na kulipandisha lifuate mteremko wa paa. Mtapata urefu na hewa ambayo hakuna ghorofa ingewapa.

Vitako vipya vina hatari yake. Kitako cha nguzo ya nyumba kama hii kinaweza kuwa mita moja au 1.2 kila upande, na kinachimbwa kando kabisa ya msingi wa zamani. Mashimo yasifunguliwe yote kwa mkupuo. Yachimbwe kwa kurukwa-rukwa, lile linalomwagwa leo liwe mbali na litakalofunguliwa kesho, na pasichimbwe chini ya kimo cha msingi wa zamani bila mhandisi kuwa ameeleza ukuta utaegemezwa vipi. Kabla ya hapo, tafuteni shimo la maji taka liko wapi hasa. Si mara moja nguzo ya kona imeangukia juu ya karo la zamani ambalo kila mtu alilisahau.

Sasa ngazi. Watu huchora vyumba vya juu, wakimaliza wanatafuta pa kupitisha ngazi. Fanyeni kinyume. Tuseme kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni mita tatu kamili. Mkigawa kwa vipandio 17, kila kimoja kina kimo cha sentimita 17.6, ambacho mguu wa mtoto na wa mzee unakimudu. Pa kukanyagia pawe na sentimita 27. Ngazi iliyonyooka itakula urefu wa mita 4.3, na hapo hamjaweka nafasi ya kusimama chini na juu. Mkiikunja katikati kwa kituo cha mita moja, inakaa kwenye eneo la mita 2.1 kwa 3.2, karibu mita saba za mraba chini na saba juu. Hicho ni chumba kidogo cha kulala. Kitatoka wapi? Kwenye nyumba yenu mimi ningetoa chumba cha kulala kinachopakana na korido, kwa sababu ngazi ikikaa hapo inafungua korido, na dirisha kubwa kwenye kituo cha kati litamwaga mwanga hadi mwisho wa korido. Giza lenu linaisha bila kugusa kuta nyingine. Kumbukeni kichwa pia: kutoka kila kipandio hadi chochote kilicho juu yake kuwe na mita mbili angalau. Ngazi ya kuzunguka mlingoti mmoja, ile inayopendeza kwenye picha, godoro halipiti.

Mama mkwe asipewe chumba cha juu kwa heshima. Mpeni cha chini, kilicho karibu na bafu la sasa, mlango upanuliwe uwe na sentimita 90, sakafu ya bafu isiwe na kizingiti, na ukutani ziwekwe mbao imara nyuma ya vigae pale ambapo vyuma vya kushikia vitafungwa. Hiyo ni kazi ndogo wakati wa ujenzi na kero kubwa baadaye.

Bafu la juu liwe juu ya bafu la chini au juu ya jiko. Bomba la choo lina upana wa milimita 110, halikunji kona kwa hiari, na likipitishwa juu ya dari la sebule wageni watajua kila linapotumika. Shinikizo la maji nalo hushuka kadiri mnavyopanda: kila mita moja ya kimo inaondoa sehemu ya kumi ya baa (kipimo cha shinikizo). Tangi linalotosha leo huenda likadondosha matone tu kwenye bafu la ghorofani. Ama lipandishwe ama mweke pampu. Ila tangi la lita 1,000 lililojaa ni tani moja mahali pamoja, kwa hiyo mahali pake paandikwe kwenye michoro tangu mwanzo, si fundi bomba aamue siku ya mwisho.

Umeme: ng'oeni wote, anzeni upya, na waya wa ardhini upimwe. Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu paa bapa, nawasihi mfikiri tena. Zege halizuii maji kwa kuwa ni zege. Linahitaji mteremko, tabaka la kuzuia maji linalokaguliwa kila baada ya miaka michache, na njia za maji zisizoziba. Paa la bati lililofichwa nyuma ya ukuta wa mbele lina ugonjwa wake: mfereji uko ndani ya nyumba, na majani yakiziba tundu moja, maji yanaingia chumbani badala ya kumwagika uani. Paa la mteremko lenye upenu mpana linawakinga jua, linalinda kuta na mvua, na ni jepesi. Nyumba itaonekana ya kisasa kwa madirisha yaliyopangika na kuta zisizo na mapambo mengi. Paa lina kazi nyingine.

Kabla mtu hajagusa paa la sasa, jueni limetengenezwa kwa nini. Nyumba za umri huo huenda zikawa na mabati ya saruji au bodi za dari zenye asbesto. Zikiwa nzima hazina shida kubwa, lakini zikikatwa kwa msumeno au kuvunjwa kwa nyundo zinatoa vumbi linaloua mapafu taratibu, miaka mingi baadaye. Zinaloweshwa maji, zinafunguliwa moja moja bila kuvunjwa, zinafungwa kwenye plastiki nzito na kupelekwa mahali panaporuhusiwa. Watoto wasiwepo.

Hilo linanileta kwenye kuishi ndani. Hapana. Tazama itakavyokuwa: wiki ya slabu, sebule na vyumba vitakuwa vimejaa mirunda iliyosimama kila hatua moja, ikibeba zege bichi. Huwezi kupitisha hata kiti. Tena mirunda hiyo inakanyaga lile jamvi la zamani, kwa hiyo kila mguu uwekewe ubao mpana chini, la sivyo unatoboa sakafu. Zege hufika nguvu iliyohesabiwa kwenye michoro siku ya 28. Siku ya saba huwa limefika kama theluthi mbili tu. Litamwagiliwa maji mfululizo wiki ya kwanza, na maji hayo yatadondoka ndani. Mirunda inatolewa kwa neno la mhandisi, na si kwa sababu fundi anaihitaji kwenye kazi nyingine. Tafuteni pa kuishi kuanzia paa linapong'olewa hadi paa jipya linapofungwa, na kazi hiyo ianguke kiangazi. Mkibana sana, mnachoweza kufanya ni kukaa upande wa sebule wakati wa kuchimba vitako. Siku ya kung'oa paa muwe mmeshahama.

Kibali cha ujenzi kiombwe kwa michoro miwili, ya msanifu na ya mhandisi. Ofisi nyingi zitauliza umbali kutoka mpakani na kama madirisha yenu ya juu yatachungulia uani kwa jirani. Nendeni mkazungumze na jirani kabla ya barua rasmi kumfikia. Kwenye bajeti, tengeni asilimia 15 hadi 20 ya ziada, maana nyumba ya zamani ikifunguliwa huwa na yake.

Fundi wenu msimfukuze, huenda ni mwashi mzuri. Mpelekeeni michoro ya mhandisi na kumwomba bei juu ya michoro hiyo. Akisema nondo zilizochorwa ni nyingi mno, ndipo mtafute mwingine. Katika mkataba andikeni kwamba mhandisi aitwe mara tatu kabla ya kazi kuendelea: mashimo ya vitako yakiwa wazi, nondo za slabu zikiwa zimefungwa na zege halijamwagwa, na siku ya kutoa mirunda. Malipo ya kila awamu yafuate saini yake. Na kwa kuwa udongo unasoma tofauti kiangazi na wakati wa mvua, jasi kwenye nyufa pakeni wiki hii hii, hata kabla hamjampata wa kuchimba mashimo.